UZI: Mmea mmoja, lebo tatu. Kwa nini ukoo wa alizeti hautulii na majina yake?

Vikonyo (mwenye uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Wiki mbili sasa niko kwenye kazi ya kupanga upya makabati ya mimea iliyokaushwa, zile karatasi ngumu ambazo tawi linashonewa na lebo inabandikwa pembeni. Karatasi moja imenisimamisha. Mmea ni mmoja, ule unaoitwa mtukutu, ila lebo ni tatu. Ya zamani wino wake umeshakuwa wa kahawia: *Vernonia amygdalina*. Chini yake kuna kikaratasi kilichopigwa taipu: *Gymnanthemum amygdalinum*. Halafu kuna ya tatu, ya penseli, mwandishi kakandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: "Turudishieni Vernonia!!"

Nimecheka peke yangu, lakini hasira ya huyu bwana naijua. Hata mimi majina niliyakariri kwa jasho, nikayazoea, kisha nikaambiwa yameshazikwa. Na katika makabati yote niliyofungua, sijaona ukoo uliojaa lebo juu ya lebo kama huu wa alizeti. Ndiyo maana naleta uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite taratibu.

Kwanza ukubwa wa mzigo wenyewe. Ukoo, au familia kwa lugha ya wataalamu, unaitwa Asteraceae, au Compositae kwa jina lake la kale. Yote mawili ni halali. Ni familia 8 tu za mimea zilizoruhusiwa kubaki na majina mawili. Una jenasi (vikundi vya spishi zilizo ndugu wa karibu) zaidi ya 1,600, na spishi zinakadiriwa kati ya 25,000 na 35,000. Katika kila spishi 10 za mimea itoayo maua duniani, moja hivi inatoka humu. Wa kushindana nao ni okidi peke yao. Yumo alizeti, letisi, pareto, pakanga, mbigili, mchunga, kishona nguo, dalia, na krisanthemu. Wamo magugu wa kukanyagwa, vichaka vya miiba, na hata miti.

Sasa chukua kichwa cha alizeti, ukipasue kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Utaona kitako kinene cheupe, na juu yake vijiua vimesimama bega kwa bega, mamia kwa mamia. Kila kijiua kina ovari yake chini, petali zake zilizoungana zikawa mrija, na ndani ya mrija mifuko mitano ya chavua iliyogandana ikawa mrija wa pili. Kijiti cha kike kinakua kupitia katikati ya mrija huo kama fimbo ya kusafishia bomba, kikisukuma chavua nje. Chavua ikishachukuliwa na wadudu, ndipo kijiti kinajipasua vipande viwili na kuanza kupokea chavua ya wengine. Ile "petali" ya njano pembezoni nayo ni kijiua kizima kilichorefuka upande mmoja. Kwenye alizeti hicho ni tasa, kazi yake ni kuita nyuki tu. Magamba ya kijani yaliyozunguka nje ndiyo yanayotufanya tuone ua moja, wakati tunatazama umati.

Umati huu ndio uliowapa wataalamu shida kwa miaka 250. Kichwa kinabadilika haraka mno. Rangi, miale (zile "petali" za pembezoni), manyoya ya mbegu, vyote hupotea na kurudi katika koo zisizohusiana. Ukiainisha kwa macho tu, unaunganisha watu waliovaa sare badala ya ndugu.

Ninywe maji, narudi.

Njugumawe

Naweka kambi hapa. Mkuu, kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikimpa mke wangu ua moja kumbe nampa mia tatu? Nidai chenji.

Kiwavi

Mwenye uzi, mimi nina shaka na kitu kimoja. Huu ukoo si ndio rahisi kuliko yote kuutambua? Hata mtoto akiona kichwa cha aina hiyo anajua. Shida ya uainishaji iko wapi?

Vikonyo

@Kiwavi umegusa penyewe. Kuutambua ukoo mzima ni rahisi. Linnaeus katika karne ya 18 aliuweka kwenye daraja alilolipa jina Syngenesia, kwa kuangalia mifuko ya chavua iliyoshikana. Ingawa hata yeye aliponzwa na kanuni yake mwenyewe, kwani aliwaingiza humo *Viola* na *Impatiens*, ambao hawana undugu wowote wa karibu na alizeti, kisa tu mifuko yao inagusana.

Ugumu ni kugawa ndani. Nani ndugu wa nani kati ya spishi elfu thelathini? Katikati ya familia na jenasi kuna ngazi ambayo hapa nitaiita kabila, na vita vyote viko kwenye makabila.

Mtu wa kwanza kuyaona makabila vizuri alikuwa Mfaransa Henri Cassini. Ametoka kwenye ile nyumba maarufu ya wanafalaki, baba na mababu wote kazi yao nyota, na yeye mwenyewe kwa cheo alikuwa hakimu. Mimea ilikuwa ya muda wa ziada. Mwaka 1812 alianza kuwasilisha matokeo yake huko Paris, na alichofanya ni kitu ambacho wenzake hawakuwa na subira nacho: alipasua vijiua vidogo kimoja kimoja, akachunguza ncha ya kile kijiti cha kike. Je, matawi yake mawili ni marefu na yamechongoka? Yana vinywele mpaka wapi? Sehemu inayopokea chavua ni mistari miwili pembeni au uso wote wa ndani? Vitu visivyoonekana bila lenzi. Akapata makabila kama 20, na mengi ya majina aliyoyatoa bado tunayatumia. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832.

Baadaye, mwaka 1873, Mwingereza George Bentham akayapunguza yakawa 13, na mpango wake ukatawala kwa karne nzima. Ukiona kitabu cha zamani kinaorodhesha makabila 13 ya ukoo huu, ujue ni mkono wa Bentham.

MzeeWaLenzi

Vijana mnafanya vizuri. Niongeze jambo la mikono, maana mtu akisoma bila kushika atasahau kesho.

Hesabuni meno. Chomoeni "petali" moja ya nje, itazameni kwenye ncha kwa lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Mkipata vijino 5, mna mmea wa upande wa letisi na mchunga. Hapo mrija wa petali tano umepasuka upande mmoja na kulala wazi kama karatasi iliyofunuliwa, na vijiua vyote kichwani ni vya namna hiyo, mpaka katikati. Kata kikonyo, utamwagikiwa na utomvu mweupe. Mkipata vijino 3, au dalili zake hafifu, mko upande wa alizeti, maana hapo ni petali tatu tu zilizorefuka na mbili zimetoweka. Halafu kuna aina ya tatu ambayo wengi hawajawahi kuiona: mdomo wa nje wenye vijino 3 na mdomo wa ndani wenye vipande 2 vilivyojikunja. Hao ni kina *Gerbera* na *Mutisia*, kitovu chao kikiwa Amerika Kusini.

Nimewafundisha watu hili miaka mingi. Mara ya kwanza mwanafunzi anahesabu vitano, anadhani amekosea, anarudia. Anapata vitano tena. Hapo ndipo anakaa chini.

BintiMajani

Shikamoo Mzee. Nimefanya sasa hivi na *Sonchus* iliyoota ukutani. Vitano! Na vidole vimenata utomvu naandika kwa shida.

MzeeWaLenzi

Marahaba binti. Osha mikono kabla hujagusa macho.

Vikonyo

Mzee ametupa daraja la kuvukia. Kina *Mutisia* aliowataja, wa midomo miwili, Bentham aliwaweka wote kwenye kabila moja, Mutisieae. Na humo walitupwa pia wengi ambao hawakufaa kwingine. Kila nyumba ina ile droo ya vitu visivyo na mahali, sasa Mutisieae ilikuwa droo hiyo.

Ndani ya droo kulikuwa na vichaka vya Amerika Kusini, *Barnadesia*, *Chuquiraga*, *Dasyphyllum* na wenzao. Vina miiba iliyoota kwapani mwa majani na vinywele virefu vya pekee kwenye vijiua. Hakuna aliyevijali sana.

Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Robert Jansen na Jeffrey Palmer, walikuwa wanalinganisha DNA ya kloroplasti, ile iliyomo kwenye vichembe vya kijani vya jani. Ni duara lenye herufi kama 150,000, na mpangilio wa jeni zake haubadilikibadiliki. Mimea mingi iliyo mbali kabisa kiukoo inao uleule. Wakakuta kwamba ukoo wa alizeti una kipande cha herufi kama 22,000 kilichogeuzwa, kichwa chini miguu juu. Kila waliyempima anacho: alizeti, letisi, mbigili, wote. Isipokuwa vile vichaka vya miiba. Vyenyewe vina mpangilio wa kawaida, uleule wa mimea iliyo nje ya ukoo.

Tulieni hapo kidogo. Herufi moja ya DNA inaweza kubadilika mara nyingi, ikaenda na kurudi. Lakini kipande kirefu hivyo kukatika sehemu mbili zilezile na kugeuka, hilo likitokea mara moja huwezi kulitegemea litokee tena palepale kwa bahati. Maana yake kulikuwa na mmea mmoja, babu mmoja, ambaye kipande chake kiligeuka, na karibu ukoo wote ni wajukuu zake. Vile vichaka viliachana na njia hiyo kabla ya tukio. Mgawanyiko wa kwanza kabisa wa ukoo wa alizeti, basi, ulikuwa umefichwa kwenye droo ya takataka, kwa wale wenye miiba wasio na mwenyewe. Mwaka 1992 Msweden Kåre Bremer na Jansen wakavipa familia ndogo yao (ngazi iliyo chini ya familia na juu ya kabila), Barnadesioideae. Viko spishi 90 hivi tu, dhidi ya maelfu yote ya upande wa pili.

Kiwavi

Kwa hiyo alizeti alitokana na Barnadesia. Safi, nimeelewa.

Vikonyo

Hapana mkuu, na samahani nikikukatisha, kosa hili linafanywa na wengi hata kwenye maandishi ya kitaalamu. *Barnadesia* ya leo ni binamu. Ametembea miaka ileile sawa na alizeti tangu waachane. Miiba yake huenda ameipata njiani, baada ya kuachana. Kwamba tawi lake lina watu wachache halimfanyi kuwa mzee. Ukiwa na mjomba aliyezaa mtoto mmoja na baba yako amezaa kumi na wawili, yule binamu wa pekee hageuki kuwa babu yenu.

Faida ya binamu huyo ni kulinganisha. Alicho nacho yeye na alicho nacho alizeti kwa pamoja, yaelekea babu wa wote alikuwa nacho.

Njugumawe

Damu nzito kuliko maji, na DNA nzito kuliko petali. Endelea mkuu, nimeshatoa kiti.

Sumakuavu

Mimi nauliza mahali na wakati. Huyo babu aliishi wapi, na lini?

Vikonyo

Amerika Kusini, hilo lina ushahidi kutoka pande nyingi. Matawi ya mwanzo ya mti wa nasaba karibu yote yako huko. Jirani wa karibu zaidi nje ya ukoo, familia yenye spishi 60 hivi tu inayoitwa Calyceraceae, nayo ni ya Amerika Kusini. Anayefuata, Goodeniaceae, amejaa Australia. Zamani mabara hayo yaliunganishwa kupitia Antaktika, kwa hiyo mtawanyiko huo haushangazi.

Kuhusu lini, hapo kuna hadithi. Mwaka 2010 ilitangazwa visukuku vya kichwa cha ukoo huu vilivyopatikana Patagonia, Argentina, vyenye miaka milioni 47.5 hivi. Vichwa kamili na magamba yake, vimebanwa kwenye mwamba! Mwaka 2015 ikaja chavua kutoka Antaktika, ya kati ya miaka milioni 76 na 66, enzi za dinosauria. Chavua hiyo imezua mabishano, wengine hawakubali kwamba ni ya ukoo huu. Halafu mwaka 2019 kikundi kilichoongozwa na Jennifer Mandel kikasoma jeni zipatazo 1,000 za kwenye kiini cha seli na kukadiria mwanzo kuwa miaka milioni 83 hivi iliyopita.

Kilichonivutia zaidi katika kazi hiyo ya 2019 ni kwamba kwa muda mrefu baada ya kuanza, ukoo haukuwa na makuu. Mlipuko ulikuja katikati ya Eosini (kipindi cha kati ya miaka milioni 56 na 34 iliyopita), wakati dunia ilipoanza kupoa. Matawi yaliyozaa karibu asilimia 95 ya spishi za leo yalianza kugawanyika kipindi hicho. Matawi mengi yalichipuka ndani ya muda mfupi, na hiyo ndiyo sababu yamekuwa magumu kuyapanga: ndugu waliofuatana haraka hawakupata muda wa kujikusanyia alama za kuwatofautisha.

Sumakuavu

Kwa nini hizo jeni 1,000 sasa? Kloroplasti si ilishatosha?

Vikonyo

Kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama peke yake. Inakueleza ukoo wa bibi mzaa mama, lakini ya baba haiyajui. Na ukoo huu una tabia ya kuoana nje. Alizeti ndio mfano: *Helianthus annuus* na *Helianthus petiolaris* wamezaa spishi tatu mpya kwa kuchanganyika, *anomalus*, *deserticola* na *paradoxus*, na zote zimehamia mazingira ambayo wazazi hawayawezi: mchanga wa jangwa, ukame, na matope ya chumvi. Mti wa nasaba hapo unageuka kuwa wavu.

Juu ya hilo, zamani sana karibu na shina la ukoo, seti nzima ya kromosomu ilijizidisha. Jeni moja inaweza kuwa na nakala kadhaa kwenye mmea mmoja. Ukilinganisha nakala A ya huyu na nakala B ya yule, unapata undugu wa uongo. Ndiyo maana inabidi kusoma nyingi na kuchuja.

BintiMajani

Nyongeza kwa hilo la spishi mpya: kuna *Tragopogon*. Spishi tatu zilitoka Ulaya zikaingia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, zikakutana jimbo la Washington na jirani yake Idaho. Mwaka 1950 Marion Ownbey akatangaza kuwa wamezaliwa wawili wapya, *Tragopogon mirus* na *Tragopogon miscellus*, mahuluti waliozidisha kromosomu wakaweza kuzaa wenyewe kwa wenyewe. Spishi zenye umri mdogo kuliko bibi zetu. Mwalimu wetu alituambia spishi huchukua maelfu ya miaka, nilinyoosha mkono nikanyimwa nafasi.

MzeeWaLenzi

Umeona sasa nafasi umeipata.

Mimi niwape kingine cha kupasua. Mkikutana na *Echinops*, ile mbigili yenye mpira wa buluu, msidanganyike kuwa ni kichwa kimoja. Chomoeni kijiua kimoja, mtakuta kina magamba yake binafsi yamekizunguka. Magamba ni alama ya kichwa kizima. Maana yake zamani kila kimoja kilikuwa kichwa chenye vijiua vingi, vikapungua hadi kimoja, kisha vichwa hivyo vya mtu mmoja mmoja vikakusanyika upya vikawa mpira. Mmea ulitengeneza ua kwa maua, halafu ukarudia zoezi. *Corymbium* wa kusini mwa Afrika naye ana kichwa cha kijiua kimoja na magamba mawili tu makubwa, ila hana undugu wa karibu na *Echinops*. Kila mmoja amefika kwa njia yake.

Kiwavi

Nakubali nimeanza kuelewa kwa nini macho hayatoshi. Ila bado majina! Sawa, undugu umejulikana. Kwa nini basi msiandike undugu pembeni na kutuachia majina yetu?

Vikonyo

Kwa sababu jina la kundi linatoa ahadi. Ukisema "ukoo wa fulani", unatarajiwa kuwataja fulani na wazao wake wote. Huwezi kumwacha nje binti wa tatu na watoto wake kwa vile wamekuwa warefu na wanavaa tofauti. Hicho ndicho kilichotokea kwa kabila la alizeti, Heliantheae. Kulikuwa na kabila jingine, Eupatorieae, hawana miale hata kidogo, vijiua vyao vyote vya mrija, weupe au zambarau, hawana njano kabisa. Nje hawafanani na alizeti kwa lolote. DNA ikawaweka katikati ya Heliantheae, kama mjukuu aliyeketi sebuleni kwa babu. Uamuzi ukawa ama kuwameza, ama kulivunja kabila la alizeti vipande. Wakavunja. Ndiyo maana leo kishona nguo yuko Coreopsideae, *Tagetes* yuko Tageteae, na alizeti kabaki na jina na nyumba ndogo zaidi.

Ile droo ya Mutisieae nayo ilimwagwa. Vicki Funk wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, na Jose Panero walifanya kazi kubwa hapo kuanzia 2002. Kilichotoka ni familia ndogo kadhaa, nyingine za ajabu: Hecastocleidoideae ina spishi moja tu duniani, kichaka cha miiba cha majangwa ya Nevada na California. Spishi moja, na cheo sawa na kundi la alizeti lenye zaidi ya nusu ya ukoo! Bremer mwaka 1994 alikuwa na familia ndogo 3 na makabila 17. Mwaka 2009 zikawa 12 na 43. Mwaka 2020, katika kazi iliyoandikwa kumuenzi Funk aliyefariki mwaka uliotangulia, zikafika 16 na 50.

Kwa maoni yangu, hapo kwenye familia ndogo za mtu mmoja wamevuka kidogo. Ni sahihi kinasaba, lakini cheo ni uamuzi wa binadamu, mti wenyewe hauna ngazi zilizoandikwa namba.

BintiMajani

Na wakati mwingine majina yanarudi. Krisanthemu ilikuwa jenasi kubwa mno, ikavunjwa. Pareto ikahamia *Tanacetum*. Sasa jina la jenasi huwa limefungwa kwenye spishi moja ya kielelezo, na kielelezo cha *Chrysanthemum* kilikuwa *coronarium*, mmea wa Mediterania. Kwa hiyo krisanthemu zile za bustani, ambazo dunia nzima inaziita hivyo, zikapoteza jina, zikaitwa *Dendranthema*. Watunza bustani wakaja juu. Mwaka 1999 wakuu wa botania wakabadilisha kielelezo kiwe *Chrysanthemum indicum*, za bustani zikarudishiwa jina lao, na *coronarium* sasa ni *Glebionis*. Kelele zilisaidia.

Njugumawe

Kwa hiyo bwana wa penseli alikuwa na hoja! Turudishieni Vernonia!!

Vikonyo

Hahaha. Nilikuwa nasubiri mtu arudi kwake.

Vernonia nayo ilikuwa droo, spishi kama 1,000 za Afrika, Asia na Amerika. Harold Robinson wa Smithsonian aliivunja miaka ya 1990, kwa kutazama chavua na viungo vidogo vya kijiua, na DNA baadaye ikaonyesha kwamba za Amerika na za upande wetu huu wa bahari haziwezi kukaa jenasi moja bila kuwaingiza na wengine kibao. Kielelezo cha *Vernonia* ni *Vernonia noveboracensis*, mmea wa mashariki mwa Marekani. Jina likabaki na kielelezo chake huko, na mtukutu akahitaji jina jingine. Ni kama *Aster*: mwaka 1994 Guy Nesom alipoivunja, kielelezo kilikuwa cha Ulaya, kwa hiyo safari ile Wamarekani ndio waliopoteza, wakaambulia *Symphyotrichum*.

Sasa sikilizeni. Nilidhani *Gymnanthemum* ni jina lililotungwa juzi na watu wa maabara. Nikaenda kulitafuta mwenyewe. Jenasi hiyo ilianzishwa mwaka 1817, na aliyeianzisha ni yuleyule hakimu, Henri Cassini, kwa wembe na lenzi yake. Baadaye wakubwa wakaona hakuna haja, wakaizika ndani ya Vernonia, ikalala zaidi ya karne moja na nusu. Lebo ya kahawia tunayoiona ya kale ndiyo iliyomfunika.

MzeeWaLenzi

Cassini hakuwa na DNA hata chembe. Alikuwa na subira.

Sumakuavu

Swali langu la mwisho, umefanyaje na kile kikaratasi cha penseli? Umekibandua?

Vikonyo

Haibanduliwi lebo kwenye karatasi ya mmea, mkuu, hata ikiwa imekosea, hata ikiwa ni ya matusi. Unaongeza yako tu pembeni. Nimepasua kijiua kimoja kilichokuwa kimedondokea kwenye bahasha, nikakilainisha kwa maji ya moto, nikaangalia kijiti chake cha kike: matawi mawili marefu yaliyochongoka, vinywele vimeshuka mpaka chini ya njia panda. Vinywele hivyo peke yake havithibitishi, ila vinaendana na kabila la Vernonieae. Nikaandika *Gymnanthemum amygdalinum*, tarehe, na herufi za jina langu. Sasa ana lebo nne.